Biti 64, 32, 16 au kulegeza kanuni? Kasi na usahihi wa hesabu kwenye kompyuta ya nyumbani

Jumlisha 0.1 mara milioni kumi. Jibu ni milioni moja, wala huhitaji kikokotoo. Programu inayotumia namba za desimali za biti 32, ikijumlisha moja baada ya nyingine, itakuletea takriban 1,088,000. Ya biti 64 itakuletea 999,999.9998. Hakuna iliyoharibika. Zote mbili zimefuata kanuni, na kila moja imekosea kwa kadiri ya nafasi iliyopewa.

Namba ya nukta elea (ndilo jina la namba hizi za desimali za kompyuta), ukiacha alama ya hasi, huhifadhiwa kwa vipande viwili: tarakimu kadhaa za mfumo wa mbili, na kipeo kinachosema nukta ikae wapi. Tarakimu hizo haziongezeki, kwa hiyo namba ikikua, pengo kati yake na namba inayofuata nalo linakua. Kwenye biti 32, jumla ikishavuka 524,288 pengo hilo ni 0.0625. Hapo kuongeza 0.1 hakuwezekani tena. Kompyuta inakwenda kwenye namba ya karibu inayoweza kuiandika, yaani inaongeza 0.125. Ni robo nzima ya ziada kila mzunguko, bila onyo lolote.

Basi ulinganisho huu ni wa anayeandika programu zake nyumbani, kwenye laptop ya kawaida au kompyuta ya mezani yenye kadi ya michoro ya michezo, akawa amekwama: achukue namba pana aende polepole, au achukue namba nyembamba aende mbio?

Vigezo

Cha kwanza ni usahihi: tarakimu ngapi zinaaminika, na namba nzima zinahesabika hadi wapi bila kuruka. Cha pili ni upana, yaani namba kubwa na ndogo kabisa inayoandikika. Cha tatu ni kasi, na hapa prosesa na kadi ya michoro lazima zitenganishwe, maana majibu yake hayafanani hata kidogo. Cha nne ni nafasi kwenye RAM. Cha tano ni namna kosa linavyojitokeza: linapiga kelele au linanyamaza? Kwangu mimi hiki cha tano ndicho kizito kuliko vyote. Watu hupima kasi kwa saa na usahihi kwa kuhesabu tarakimu, wasijiulize watajuaje siku hesabu ikienda mrama.

Biti 64

Hii ndiyo unayoitumia bila kuchagua. Namba za desimali za Python, namba za kawaida za JavaScript, seli za Excel na safu za desimali za NumPy (maktaba ya hesabu ya Python) usipotaja aina, zote ni biti 64 kwa IEEE 754, kanuni ya pamoja ya namba za nukta elea iliyotoka mwaka 1985. Msukumo mkubwa wa kanuni hiyo ulitoka kwa William Kahan wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyepewa Tuzo ya Turing mwaka 1989.

Usahihi: tarakimu 15 hadi 17. Namba nzima zote ziko salama hadi 9,007,199,254,740,992. Ni nyingi, lakini si za kila kitu. Namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa cha Tanzania) ina tarakimu 20, na Excel hushika 15 tu. Ukiiandika kama namba bila vistari, tarakimu tano za mwisho zinageuka sifuri na hazirudi. (Seli iwekwe kuwa maandishi kabla ya kuandika. Namba ya kitambulisho haijumlishwi na chochote, haina sababu ya kuwa namba.)

Upana: hadi takriban 1.8 × 10³⁰⁸. Sahau habari hiyo, hutaifikia.

Kasi: kwenye prosesa za leo, kujumlisha au kuzidisha namba moja ya biti 64 huchukua muda ule ule wa biti 32. Kugawanya na kutafuta kipeuo cha pili ndiko kunakochelewa kidogo. Tofauti halisi huja prosesa inapofanya hesabu kwa mafungu: fungu la AVX (amri za prosesa za kuhesabu namba kadhaa kwa pamoja) lina biti 256, linabeba namba nne za biti 64 au nane za biti 32. Ile “mara mbili” inayosemwa kila mahali inatoka hapo, na inatoka pia kwenye RAM, kwa sababu namba nusu ya upana husafirishwa kwa nusu ya muda.

Kadi ya michoro ni habari nyingine kabisa. Kadi za NVIDIA GeForce za mifululizo ya RTX 30 na RTX 40 hufanya hesabu za biti 64 kwa sehemu moja ya 64 ya kasi ya biti 32. RTX 3060, kwa makadirio ya karatasini, hufanya hesabu karibu trilioni 12.7 kwa sekunde kwa biti 32. Kwa biti 64 inashuka hadi karibu bilioni 199. Prosesa nzuri ya viini (core) vinane yenye AVX2 inaweza kuishinda. Hilo ni uamuzi wa mtengenezaji: A100, kadi ya vituo vya data ya kampuni hiyo hiyo, hufanya biti 64 kwa nusu ya kasi ya biti 32. Kadi iliyomo ndani ya chipu za Apple za M nayo haina biti 64 kabisa. PyTorch (maktaba ya kufunzia modeli za akili mnemba) ikiombwa ipeleke huko namba za aina hiyo inakataa kwa ujumbe wa kosa. Afadhali hiyo, walau inasema.

Nafasi: safu ya namba milioni 100 ni MB 800.

Kosa: mara nyingi hujificha chini ya tarakimu unazochapisha, likajitokeza pale unapouliza kama vitu viwili ni sawa, maana 0.1 + 0.2 hutoa 0.30000000000000004, ambayo si 0.3. Na kuna hesabu ambazo hata biti 64 haziziokoi kwa muda mrefu. Mwaka 1961 Edward Lorenz alirudia sehemu ya simulizi yake ya hali ya hewa akiingiza 0.506 badala ya 0.506127, baada ya muda matokeo yakawa ya dunia mbili tofauti. Biti zaidi huchelewesha hilo tu.

Inamfaa anayefanya takwimu, uhandisi, fizikia, hesabu za mikopo na riba za kujifunzia, na yeyote ambaye programu yake inamaliza kabla chai haijapoa. Kama kazi inachukua sekunde tatu, kuipunguza hadi mbili ili ubebe hofu ya usahihi si biashara.

Biti 32

Usahihi: karibu tarakimu saba. Inasikika kama inatosha. Nani anapima ukuta kwa tarakimu saba? Ila tarakimu unazotaka kwenye jibu si zile unazohitaji njiani. Ukitoa namba mbili zinazokaribiana, tarakimu za mbele hufutana na unabaki na zile za mwisho, ambazo ndizo mbovu.

Namba nzima zinahesabika hadi 16,777,216, na hapo ndipo pa kukaa makini. Ongeza 1 juu ya hiyo, inabaki ile ile. Kwa shilingi za Tanzania hicho si kiasi cha ajabu, ni bei ya gari lililotumika. Kiwanja cha milioni 50 kiko mahali ambapo namba zinaruka nne nne. Mradi wa bilioni moja unaruka 64. Muda ni mbaya zaidi: sekunde zinazohesabiwa tangu 1970, ambazo sasa zimepita bilioni 1.7, zikiwekwa kwenye biti 32 zinaruka sekunde 128 kwa mpigo. Matukio mawili yaliyopishana dakika moja yanaweza kuonekana ya wakati mmoja.

Tazama pia ramani. Dar es Salaam iko karibu longitudo 39.3, na kwenye ukanda huo wa namba pengo la biti 32 ni kama sentimita 42 ardhini. Latitudo yake, karibu 6.8 kusini, ina pengo la sentimita tano hivi. Kwa programu ya kumtafuta dereva wa bodaboda hakuna neno. Kwa mipaka ya viwanja, hapana.

Upana: hadi takriban 3.4 × 10³⁸, unatosha kazi nyingi. Upande wa chini una mtego: namba zikishuka chini ya takriban 1.2 × 10⁻³⁸, prosesa nyingi huzishughulikia polepole zaidi. Wanaoandika programu za muziki wanalifahamu hilo, maana mwangwi unapofifia kuelekea kimya hutoa namba za aina hiyo kwa maelfu, na mashine inaanza kuhema wakati hakuna kinachosikika. Dawa yake ni kuiamuru prosesa izigeuze sifuri.

Kasi: hadi mara mbili ya biti 64 kwenye prosesa kama msimbo wako unafanya kazi kwa mafungu, na mara nyingi zaidi ya hapo kwenye kadi ya michezo. Msimbo ukiwa wa kuchukua namba moja moja, unaweza usione tofauti yoyote. Pima kwanza.

Nafasi: MB 400 kwa safu ile ile.

Kosa: linanyamaza, ila huwa linaonekana kwa macho pale kazi yenyewe ni ya macho. Kwenye mchezo wenye dunia pana, kitu kilicho kilomita 1,000 kutoka sifuri kinasogea kwa hatua za sentimita sita na zaidi. Mikono ya mhusika inatetemeka, risasi zinapotoka bundukini haziko mahali pake. Unreal Engine 5, programu ya kutengenezea michezo, ilihamishia nafasi za vitu kwenye biti 64 kwa sababu ya dunia kubwa za aina hiyo, huku hesabu nyingi za kuchora zikibaki biti 32.

Ugawaji huo wa kazi ndio ninaoupenda zaidi katika mada hii yote: hifadhi kwa biti 32, jumlishia kwenye biti 64. Safu inabaki nyepesi, na ni namba moja tu, ile inayoshika jumla, iliyopanuliwa. Ile hesabu ya milioni kumi ya mwanzo ingeponeshwa karibu yote kwa kubadilisha neno moja. Pasipo na biti 64, kama kwenye kadi ya Apple, kuna njia aliyoichapisha Kahan mwaka 1965: kila unapojumlisha, unakokotoa kilichopotea na kukirudisha kwenye mzunguko unaofuata. Inaongeza hesabu tatu kwa kila namba, na inafanya kazi vizuri ajabu.

Inamfaa anayechakata picha, sauti na michezo, na anayefunza mitandao ya neva (programu za akili mnemba zinazojifunza kwa mifano). Sauti iliyorekodiwa kwa biti 24 inaingia kwenye biti 32 bila kupoteza kitu, kwa sababu namba hiyo ina tarakimu 24 za mfumo wa mbili.

Biti 16

Ziko mbili, na kuzichanganya ni chanzo cha kilio. Ya kwanza, float16, iliingia kwenye kanuni ya IEEE mwaka 2008. Ya pili, bfloat16, ilitoka Google kwa ajili ya mitandao ya neva.

Usahihi: float16 ina kama tarakimu tatu na namba nzima salama hadi 2,048. bfloat16 ni kama mbili, na namba nzima zake salama zinaishia 256. Ndiyo, 256.

Upana: hapa zinabadilishana nafasi. float16 inafika 65,504 na kuishia hapo; bfloat16 ina upana karibu sawa na biti 32 kwa sababu imeweka biti zake kwenye kipeo badala ya tarakimu.

Kasi: kwenye kadi za michoro za miaka ya karibuni, zenye vitengo maalumu vya kuzidisha matriki (majedwali ya namba), ni mbio kweli. Kwenye prosesa nyingi za nyumbani za Intel na AMD, namba za float16 hupanuliwa kwanza kuwa biti 32, zikahesabiwa, kisha zikabanwa tena. Huko faida ni ya RAM peke yake.

Nafasi: MB 200 kwa safu yetu. Lakini mfano unaoeleweka haraka ni modeli ya lugha yenye vigezo (namba ilizojifunza) bilioni 7: kwa biti 32 inataka GB 28, kwa biti 16 GB 14. Kwa mwenye kadi ya GB 16, hiyo ndiyo tofauti ya kuiwasha au kuiangalia tu.

Kosa: float16 ina adabu moja, ikizidiwa inatoa “inf” (isiyo na kikomo), nayo inasambaa hadi kila kitu kinakuwa “nan” (si namba), utaona. bfloat16 haizidiwi kirahisi, inapoteza tarakimu kimyakimya.

Inamfaa anayeendesha au kufunza modeli, mahali ambapo mamilioni ya makosa madogo hufidiana na hakuna anayesoma namba moja moja. Hata huko jumla huwekwa kwenye biti 32. Kwa hesabu yenye jibu moja linalotakiwa kuwa sahihi, sioni sababu ya kuigusa.

Kulegeza kanuni

Hapa upana wa namba haubadiliki. Unaiambia kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa amri za mashine, isijali mpangilio wa hesabu. Kwenye GCC na Clang ni -ffast-math, kwenye kompaila ya Microsoft ni /fp:fast. Kwa GCC, -O3 (agizo la kawaida la kuongeza kasi) haiiwashi. -Ofast inaiwasha, na wengi huandika -Ofast wakidhani ni -O3 yenye nguvu zaidi.

Usahihi: unategemea kompaila imeamua nini siku hiyo. Kwa hesabu ya shuleni, (a + b) − a ni b. Kwa biti 64, ukichukua a kuwa 10¹⁶ na b kuwa 1, jibu ni 0, kwa sababu huko juu namba zinaruka mbili mbili. Kompaila iliyolegezewa inaruhusiwa kurahisisha na kukupa 1. Umeona, safari hii imekuwa sahihi zaidi! Lakini ile njia ya Kahan ya kurudisha kilichopotea imejengwa juu ya (t − s) − y, ambapo s ni jumla ya awali, y ni kinachoongezwa, na t ni jumla mpya. Kialjebra hiyo ni sifuri, na kompaila inaweza kuifuta yote. Umeandika ulinzi, nao umeondolewa bila kuambiwa.

Upana: namba ndogo sana zinaweza kugeuzwa sifuri.

Kasi: hapa hakuna kadirio la jumla. Mizunguko ya kujumlisha hupata nafuu kubwa, maana kompaila sasa inaweza kuigawa kwenye mafungu. Msimbo uliojaa matawi na masharti haupati kitu.

Nafasi: haibadiliki.

Kosa: hiki ndicho kinachoniogopesha. Kompaila inachukulia kwamba “nan” haipo, kwa hiyo ukiuliza isnan inaweza kujibu hapana daima. Umezima king'ora pamoja na breki. Afadhali uchukue vipande: -fno-math-errno peke yake huruhusu kipeuo cha pili kiwe amri moja ya prosesa, na haiharibu jibu.

Inamfaa mwenye majaribio ya kulinganisha matokeo kabla na baada, na ambaye picha au sauti yake haibebi uamuzi wa mtu.

Namba nzima

Fupi tu. Fedha ziwe namba nzima: shilingi, au senti kama zipo. Biti 64 za namba nzima zinafika zaidi ya trilioni milioni tisa, zina kasi, na kutoa na kujumlisha hakukosei. Zikizidiwa ndipo balaa, kwani kwa lugha nyingi hugeuka hasi bila kusema. Python haina tatizo hilo.

Zisichukuliwe kuwa kinga, hata hivyo. Tarehe 25 Februari 1991 mtambo wa Patriot uliokuwa Dhahran, Saudi Arabia, ulishindwa kuzuia kombora la Scud, wakafa wanajeshi 28 wa Marekani. Saa yake ilihesabu sehemu za kumi za sekunde kwa namba nzima, sawasawa kabisa. Kosa lilitokea zilipobadilishwa kuwa sekunde kwa kuzidishwa na 0.1 iliyokatwa ili itoshe biti 24. Mtambo ulikuwa umewaka saa 100 hivi, na mkato huo ukawa sekunde 0.34.

Kwa hali yako

Unajifunza, au programu inamaliza ndani ya dakika: biti 64, usiguse kingine.

Unatumia kadi ya michezo kwa simulizi: anza na biti 32, kisha endesha tatizo dogo lile lile kwenye prosesa kwa biti 64 na ulinganishe. Zikiachana kwenye tarakimu unazozihitaji, hamishia jumla peke yake kwenye biti 64 au tumia njia ya Kahan. Ikishindikana, rudi kwenye prosesa. Kwa biti 64 huenda ikakushangaza.

RAM imejaa: biti 32 kwenye hifadhi, biti 64 kwenye jumla. Modeli ya lugha haiingii kwenye kadi: biti 16, na kama unaifunza na kadi inaikubali, bfloat16.

Unashughulika na fedha, muda au vitambulisho: namba nzima kwa viwili vya kwanza, maandishi kwa cha tatu.

Unataka kasi zaidi na aina ya namba haibadiliki: tafuta kwanza unakopotea muda. Mara nyingi ni kusoma faili au kutembea kwenye safu kinyume cha ilivyopangwa. Kisha -O3, kisha -fno-math-errno. Ukifika -ffast-math, iwashe kwa faili moja lenye mzunguko mzito tu, na ukaguzi wa “nan” uuache kwenye faili jingine.